Fundi Faradji na Fremu Zilizokwanguliwa

Katika mtaa wa Waswahili pale Gisenyi, Rwanda, mpakani na Goma, nyumba ya Faradji ilijulikana kwa kelele za nyundo. Babu yake alifika kutoka Ujiji akiuza chumvi, baba yake alikuwa fundi cherehani, na yeye akaiacha sindano akashika spana. Alikuwa mtu mnene wa shingo, mwepesi wa hasira na mwepesi zaidi wa kucheka. Mkewe Saidati alizoea kumwambia kwamba mikono yake inafikiri kabla ya kichwa.

Miaka ile ya hamsini na tano, hamsini na sita, kila mtu alitaka baiskeli. Mpya zilikuwa za makarani, makatekista na watoto wa machifu. Wakulima wa Nyakiriba, waliochoka kubeba viazi kichwani, walitaka kuukuu, yoyote, mradi magurudumu yanazunguka. Faradji alinunua mikweche, akaifungua, akanyoosha rimu, akabadilisha spoki, akapaka rangi nyeusi; Saidati akasugua kengele kwa majivu mpaka ing'ae. Baiskeli haikumaliza wiki uani.

Kisha mikweche ikawa haitoshi, na damu ikaanza kumwagika barabarani. Katekista mmoja aliangushwa na kamba iliyofungwa kati ya mikaratusi miwili, akavunjika taya na baiskeli yake ikaibwa. Mwezi uliofuata mchuuzi wa pombe ya ndizi alipigwa rungu, akazinduka mtaroni hana baiskeli wala meno ya mbele. Faradji alizisikia habari hizo akasikitika kama wengine. Lakini Hitimana, mtu mrefu aliyedai kununua baiskeli kuukuu upande wa Goma, alipomletea fremu zilizokwanguliwa namba kwa tupa, Faradji hakuuliza. Mara tatu alimletea. Mara tatu Saidati alisimama mlangoni akasema, "Baba, hii namba nani alikwangua?" Na mara tatu Faradji akajibu, "Kutu hiyo."

Miongoni mwa wateja wake alikuwamo Bimenyimana, mbeba viazi wa Nyakiriba, mtu mpole mwenye kifua kipana. Siku alipoanguka mteremkoni na uma wa mbele wa baiskeli yake ukakatika, Faradji aliuunga kwa shaba, ukabaki na kinundu upande wa kushoto. Bimenyimana alikipapasa akasema ni jipu hilo, litaiva tu. Walicheka mpaka wakashika mbavu.

Ijumaa moja Faradji alirudi kutoka msikitini akamkuta Hitimana uani na baiskeli ya kijani. Rangi ilikuwa bado inanata.

"Hii iko muzuri, fundi. Nilitosha Goma," akasema, yaani ameitoa huko.

Faradji akainama. Kidole chake kikateremka kwenye uma, kikakutana na kinundu. Akakikwaruza kwa kucha; rangi ikabanduka, shaba ikaonekana. Ndani ya mnyororo mlikuwa na nywele zilizoganda katika kitu cheusi ambacho hakikuwa grisi.

"Mwenyewe iko wapi?"

"Mwenyewe ni mi."

"Hitimana. Bimenyimana iko wapi?"

Hitimana alinyakua spana ndefu juu ya sanduku akamtandika nayo usoni. Mfupa ukalia, jicho la kushoto likazima papo hapo. Faradji akaangukia magurudumu. Hitimana akakimbilia mlangoni na baiskeli, lakini usukani ukakwama kwenye nguzo, na Faradji akamdaka mguu, akamwangusha, akamkalia kifuani. Nyundo ilikuwa karibu. Aliulaza mkono wa Hitimana juu ya jiwe jeusi la kizingiti, akapiga.

"Iko wapi?"

Akapiga tena.

"Mu korongo!" Hitimana akapiga yowe. "Chini, mu migomba!"

Jibu lilikuwa limepatikana, na Faradji akaendelea kupiga. Hilo ndilo alilolikumbuka baadaye kuliko yote: kwamba aliambiwa, na hakuacha.

Saidati alimrukia mgongoni, akamvuta kwa nguvu zake zote mpaka akamng'oa pale. Lakini yowe lilikwisha kufika sokoni. Wabeba viazi wakajaa uani, na mbele yao Twagirimana, mdogo wake Bimenyimana. Alipouona uma ule hakuhitaji kuelezwa. Mawe ya volkano yana ncha kali, na pale hayakosekani. Wakayaokota.

Hitimana, mdomo umejaa damu, akanyoosha mkono uliobaki mzima. "Muulize Faradji! Zile zingine zote alinunua yeye! Alijua!"

Twagirimana akamgeukia fundi.

"Ni kweli?"

Faradji angeweza kukana. "Sikuuliza," akasema.

Jiwe la kwanza lilimpata begani. Waliwapiga wote wawili, fundi na mwizi, ubavu kwa ubavu, kwa mawe, kwa pampu, kwa vipande vya fremu. Wengine walikusanya matairi, wakaitia moto karakana yake. Saidati alijilaza juu ya mumewe; walimvunja mbavu mbili ndipo mtu mmoja akaona aibu akawazuia wenzake. Polisi walipofika, Hitimana alikuwa hapumui tena.

Bimenyimana alipatikana kesho yake korongoni, kichwa kimepondwa, mkononi bado ameshika pampu.

Faradji alifungwa mwaka mmoja na nusu kwa kununua mali ya wizi. Kuhusu mkono wa Hitimana hakuna aliyemshtaki. Waliomuua Hitimana nao hawakupatikana. Kila mmoja aliapa kuwa siku ile alikuwa amesimama nyuma.

Alipofunguliwa, Faradji alikusanya vyuma vilivyonusurika moto, akaunda baiskeli moja, akaenda kwa miguu akiisukuma hadi Nyakiriba. Hakuthubutu kuipanda. Alimkuta Mukamusoni, mjane wa Bimenyimana, akipalilia viazi.

"Nimekuletea hii, mama."

Mukamusoni aliitazama. Kisha akageuza jembe akampiga kwa mpini kifuani, mbavuni, magotini, mpaka mpini ukapasuka. Majirani walisimama wakitazama. Faradji hakuinua mkono.

"Na kichwa chake," mama yule akasema akihema, "kichwa chake umekitengeneza?"

Mukamusoni akaisukumia baiskeli mtaroni, akarudi kwenye tuta lake.

Tangu hapo Faradji aliziba pancha na kunyoosha rimu tu. Kununua na kuuza aliacha kabisa. Waliomletea fremu zilizokwanguliwa aliwafukuza kwa matusi, jicho lake moja likimwaga machozi ya hasira. Walivuka nazo kwenda Goma, wakapata wanunuzi. Mvua za mwaka ule zilikuwa hazijaisha, na mtu mwingine alikuwa ameshauawa barabarani kwa ajili ya baiskeli yake.