Mfagiaji wa Jaro na mbwa aliyeogopa ufagio

Saa kumi na moja alfajiri, taa za uwanja wa kanisa la Jaro, jijini Iloilo, bado zinawaka, na Gorgonia Sumagaysay ameshamaliza kufagia upande wa mnara wa kengele. Mkono wa kulia una ufagio. Mkono wa kushoto una kamba, na mwisho wa kamba yuko mbwa wa kahawia mwenye sikio lililochanika, anayeutazama ufagio ule kama mtu anavyomtazama mkwe asiyempenda.

Leo ni siku ya thelathini. Saa tatu, daktari kutoka kituo cha kuhifadhi mbwa wa mitaani atafika hapa uwanjani kuamua jambo moja tu: mbwa huyu abaki na Gorgonia, au arudi kizimbani.

“Nimezaa watoto watatu, na hakuna aliyenitia tumbo joto namna hii,” anasema. Mara akaomba maneno hayo yasiandikwe, wanawe wasije wakayasoma. Baadaye akacheka, akasema yaandikwe tu, huenda wakampigia simu.

Gorgonia ana miaka 54. Walio wadogo kwake humwita Nang Onyang, kwa heshima ya dada mkubwa, na huu ni mwaka wake wa kumi na tisa akifagia uwanja huu kwa peso 450 kwa siku. Fagio za chelewa anasuka mwenyewe, maana zile anazopewa kazini, kwa maneno yake, “zinachoka kabla ya mfagiaji.”

Kati ya wafagiaji na mbwa wa uwanjani hapajawahi kuwa na amani. Mfagiaji akishakusanya taka na kufunga mifuko, mbwa huja wakaipasua wakitafuta mifupa. Dawa yake kila mfagiaji wa Jaro anaijua, nayo ni ufagio mgongoni. Mbwa mwenye sikio lililochanika alikuwa mmoja wa wale wezi wa mifuko.

“Nilimpiga,” anasema Nang Onyang bila kupindisha maneno. “Si mara moja. Na mkono wangu si mwepesi, muulize yeyote hapa.”

Januari, kabla ya sikukuu ya Mama wa Mishumaa, yaani Bikira Maria msimamizi wa kanisa hili, mbwa wote wa uwanjani walikamatwa wakapelekwa kituoni. Nang Onyang hakuwalilia. Alifurahi, uwanja ulikuwa safi, na kuna siku alimaliza kazi kabla jua halijapanda.

Aprili, kituo kile kilimwagiza fagio kadhaa. Akaenda na nne begani. Alipopita kwenye vizimba mbwa wote walibweka, isipokuwa mmoja. Huyo alijibanza kwenye kona, akajikojolea. Nang Onyang akalitazama sikio.

Anasema aliziweka fagio chini nje ya mlango, akaketi juu yake. Nusu saa baadaye akamwambia daktari wa zamu, Jerlyn Tupas, kwamba mbwa huyo anamchukua.

Daktari hakushangilia. Mbwa alikuwa amekaa miezi mitatu bila mtu hata mmoja kumuulizia, kituo kimejaa, na masharti ni mwezi mmoja wa majaribio. Akirudi kizimbani, nafasi ya kutoka tena ni ndogo mno.

“Nang, wewe kazi yako ndiyo ugonjwa wake,” alimwambia.

Siku tatu za kwanza mbwa aliishi uvunguni, akila tu mwenye nyumba akitoka. Siku ya nne Nang Onyang aliacha sakafuni bakuli la batchoy, supu ya tambi na maini ambayo mtu wa Iloilo hainunui kwa ajili ya mbwa. Aliporudi bakuli lilikuwa linang'aa. Jina likapatikana hapo hapo.

Wiki ya pili Batchoy alianza kulala miguuni pake. Jioni moja, Nang Onyang akiwa amenyoosha mkono kama wanavyofanya wakubwa wa huko, ambao wajukuu huwaamkia kwa kugusa mkono wao kwa paji la uso, mbwa alikuja akaweka paji lake juu ya mkono huo. Majirani walimwambia mbwa ana adabu kuliko ukoo mzima.

Lakini kulikuwa na ujanja uliofichwa. Ufagio haukuwa nyumbani. Nang Onyang alikuwa akiuacha kwa Pacita, muuza mishumaa wa mlango wa kanisa, ambaye ni mkubwa kwake kwa miaka kumi na hakosi neno. Siku ya kumi na tano Batchoy, kwa mapenzi yake mapya, alimfuata mama yake hadi kazini. Akamwona akiupokea ufagio.

Alilia kama mtoto aliyeungua, akakimbia. Siku mbili akawa uvunguni, hali, hanywi.

“Hapo nilijiona mwongo,” anasema Nang Onyang. “Bora angejua tangu mwanzo mimi ni nani.”

Pacita hakumpunguzia. “Onyang, umempiga miaka mitatu, unataka akupende kwa siku thelathini?” alimuuliza. “Hata mume wangu nilimpa muda zaidi.”

Siku ya kumi na saba Nang Onyang aliketi sakafuni kuchuna makuti kwa ajili ya ufagio mpya. Njiti moja ikaanguka karibu na kitanda, na huko chini mbwa akaruka. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na hiki kilikuwa kijiti kitupu. Nang Onyang akakiokota, akakilaza kando ya bakuli la chakula, akatoka.

Batchoy alikula.

Kesho yake zikawa njiti mbili. Kisha tano, kisha konzi. Zilipofika kumi alikula akiwa amenyoosha shingo kama bata. Zilipofika hamsini alikula amesimama vizuri. Siku ya ishirini na tano alichukua njiti moja akaiguguna, na mama yake akamwacha aimalize. Siku ya ishirini na nane, njiti mia tatu zilifungwa kuwa ufagio mbele ya macho yake, naye hakutoroka. Lakini kufungwa ni jambo moja, na kufagia ni jingine.

Saa tatu Daktari Jerlyn anafika na karatasi zake. Anampima mbwa uzito, anamfungua mdomo, kisha anasema kile Nang Onyang alichokuwa akikiogopa. “Achia kamba, Nang. Halafu fagia.”

Anaachia. Ufagio unakwaruza sakafu mara moja, na Batchoy analala chini kabisa, masikio nyuma. Wauza mishumaa wamesogea kutazama, Pacita akiwa mbele. Ufagio unakwaruza tena, majani ya mti wa mkungu yanajikusanya. Mbwa anasimama. Njia ya kukimbilia barabarani iko wazi nyuma yake.

Anakwenda mbele. Anaunusa ufagio toka juu hadi chini, anakamata njiti moja kwa meno, anaivuta mpaka inachomoka, kisha analala juu ya rundo la majani lililofagiliwa sasa hivi na kuanza kuitafuna.

Uwanja mzima unacheka. Nang Onyang analia waziwazi, ufagio ungali mkononi, na daktari anaandika akiwa amepiga magoti kwa sababu Batchoy ameyahama majani na kuulalia mkoba wake wa karatasi.

“Basi ni wako,” anasema.

“Ni wetu,” anadakia Pacita. “Mimi ndiye niliyetunza ufagio.”

Kituoni wapo mbwa wengine saba wanaotetemeka wakiona ufagio, na Nang Onyang hana shaka wametoka viwanja gani. Kuanzia Jumamosi atakuwa akienda na njiti, moja kwa kila kizimba, na wafagiaji wenzake wanne wamekubali kufuatana naye. Anataka kabla ya sikukuu ijayo kila mmoja wao awe amemchukua mbwa ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimpiga.

Anaulizwa kwa nini alikubali mtihani huu ufanyike hapa, mbele ya watu wote hawa, badala ya nyumbani kwake kwenye utulivu. Anajifuta macho kwa mkono wa shati.

“Watu hawa ndio walioniona nikimpiga,” anasema.