Mtani Aliyevuka Naye Mpaka

Tarehe kumi na moja Julai 2003 nilimpoteza mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama yetu. Alishikwa na homa ya mapafu katikati ya baridi, akalazwa, hakurudi. Tulimzika hapa hapa Johannesburg. Matanga tuliweka nyumbani kwangu Malvern, kwenye chumba ninachoshonea, baada ya kusukuma cherehani ukutani na kutandika mikeka.

Mimi nilikuja huku mwaka 1994 na mume wangu. Yeye ni mtu wa hapa. Alikuwa uhamishoni kwetu Tanzania, Kiswahili alijifunzia Morogoro, na nchi yake ilipofunguka tulikuja pamoja. Mdogo wangu alinifuata miaka michache baadaye. Alikuwa mtu wa kunyamaza. Kliniki niliongea mimi. Kwa mwenye nyumba niliongea mimi. Hata kuvuka Jules Street kwenye robot, ndivyo watu wa hapa wanavyoita taa za barabarani, alinishika mkono, na huku magari yamesimama. Nilikuwa mdomo wake, na sitadanganya, nilipenda kuwa hivyo.

Kisha akapata rafiki, msusi wa saluni moja katikati ya mji, Mnyamwezi. Sisi ni Wangoni, na Mngoni na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Yule mwanamke akija kwangu, nilikuwa nikisikia sauti ya mdogo wangu kutoka chumba cha pili, sauti ndefu, ya mtu anayesimulia. Nikiingia inakatika. Nilikuwa nauliza kama wanataka chai, wanasema hapana, natoka.

Mwaka mmoja kabla ya msiba walikwenda wawili Tailandi kununua nguo za kuja kuuza. Mkoba wa safari nilimshonea mimi, wa turubai la kijani, mishono miwili miwili. Aliporudi nilimkalisha nikamuuliza habari za huko.

"Tulifika, dada. Tukanunua, tukarudi."

"Hakuna kingine?"

"Kuna mvua nyingi."

Nikaridhika. Nilijiambia kwamba mtu asiyesema hana la kusema.

Siku ya tatu ya matanga tumekaa kimya, wanawake chini, wanaume nje na mume wangu karibu na mlango, yule Mnyamwezi akaingia. Alivua viatu kizingitini, kando yangu. Kichwani alibeba mkoba wa kijani, ule ule, nilioutafuta kabatini wiki nzima. Hakusalimia mtu.

"Wangoni," akasema, "mmekaa kama mliokosa ng'ombe wa kuiba. Mwenzenu yuko wapi? Ana deni langu. Mizigo yake nilibeba mimi tangu Asia."

"Mnyamwezi amezoea kubeba," mtu akajibu kutoka kona.

Watu wakaanza kucheka kidogo. Jirani yangu Mkongomani, fundi mwenzangu, akaniegemea. "Mama, huyu amekuja kulia ao amekuja kucheza?"

Nikamweleza kwamba kwetu mtani ana ruhusa msibani. Anamwigiza marehemu, anakamata kitu chake, na wafiwa hawawezi kukikomboa mpaka walipe. Jirani akasema kwao angefukuzwa. Mimi nami nilitaka kumfukuza, lakini si kwa sababu hiyo. Nilitaka kujua kwa nini mkoba niliouchoma kwa sindano yangu ulikuwa kwake.

Akaushusha, akaanza kusimulia kwa kuigiza. Siku zao za kukaa Tailandi zilikuwa zinaisha na nguo hazijatimia. Katika nyumba ya kulala ya bei ndogo, wasafiri wenzao wakawaambia kuna mpaka mlimani, wa kuingia Laosi. Unavuka, unalala siku moja, unarudi, unagongewa muhuri wa siku nyingine. Wakapanda lori la kabichi. Mnyamwezi akakaa mkekani akatikisika jinsi walivyotikisika juu ya kabichi. Lori likawashusha porini. Kutoka kibanda cha nchi moja hadi kibanda cha nchi ya pili ni kutembea kwa miguu kwenye matope, na mvua ya kule haina adabu. Akakunja sketi, akatembea chumbani kwangu akiteleza. Watu wakashika mbavu.

Sikucheka. Nilikuwa namtazama mdogo wangu akiteleza mahali ambapo sikuwepo kumshika mkono.

Kwenye kibanda, afisa hakuwa amewahi kuiona pasipoti ya Tanzania. Aliigeuza juu chini, akatafuta nchi kwenye ramani ya ukutani, hakuiona, akatikisa kichwa. Nyuma, nchi waliyotoka ilikwishawagongea kwamba wametoka.

"Hapo mimi nililia," Mnyamwezi akasema. "Sijifichi. Nililia kama mtoto. Huyu Mngoni wenu, mnayesema ni bubu, akanisogeza pembeni."

Akasimama. Akauweka mkoba juu ya cherehani yangu, kwa kishindo, kama mtu anayehamia. Akavua miwani ambayo hakuwa ameivaa, akaifuta taratibu kwa ncha ya kitenge, akairudisha. Akaweka mkono kiunoni.

"Baba," akasema, "mimi siendi popote. Nionyeshe tu pa kulala."

Chumba kizima kikaangua kicheko, hata wanaume. Nikawa nageuza macho, sijui wanachocheka. Mume wangu alikuwa anafuta machozi.

"Eish," akasema. "Mke wangu, si ni wewe huyo."

Nikaangalia mkono wangu. Miwani nilikuwa nayo mkononi, na ncha ya kitenge.

"Kwa Kiswahili hivyo hivyo," Mnyamwezi akasema. "Afisa hakuelewa neno. Akacheka, akamwita mwenzake aje aone, wakatugongea siku moja. Njiani nikamuuliza, wewe haya umeyatoa wapi? Akasema, kwa dada. Akakuigiza mpaka giza likaingia. Kliniki, kwa mwenye nyumba, sokoni. Tulicheka tukakaa chini kwenye matope."

Walidhani nitafarijika. Ningependa kuandika kwamba nilifarijika. Nilichosikia ni wivu, mkali kuliko wa mwanzo. Alinibeba mpaka kule, akanitoa mbele ya mgeni, na nyumbani kwangu hakunionyesha hata mara moja.

Mnyamwezi akaukumbatia mkoba. "Komboeni."

"Kaa nao," nikamwambia.

 Mfiwa hakatai kukomboa. Mnyamwezi akanitazama, akauweka mkoba kichwani, akatoka. Hakufika mbali. Julai saruji ya nje ni barafu, na alikuwa amesahau viatu.

"Mngoni," akasema mlangoni, "viatu vyangu."

Nilikuwa nimevikalia. Sijui nilivikalia saa ngapi. Nikavitoa, nikavishika vyote viwili kifuani.

"Lipa," nikasema.

Akashangaa, kisha akaketi kizingitini, miguu akaikunja chini ya sketi. "Unataka nini?"

"Mlipovuka. Usiku ule mlikula nini?"

Akafikiri. "Wali wa kunata. Unaufinyanga kwa mkono kama ugali. Na samaki wa kuchoma, ana miba mingi. Mdogo wako alinitolea miba."

Nikampa kiatu kimoja.