Karani wa Kodi na Dume la Mvua

Yule karani wa kodi pale Same, enzi za Mwingereza, hakuwahi kumfokea mtu, na hilo ndilo lililonichemsha. Kalamu anaifutia nyweleni, anauliza taratibu: "Na kingine ulichopata, baba?" Ukitaja, kodi inapanda. Siku hiyo, mbele yangu kwenye mstari, mzee mmoja wa Gonja, fundi wa kuleta mvua, akataja ng'ombe dume aliyepewa na wanakijiji mvua iliponyesha. "Ilikuwa mara moja tu, mwanangu. Usimwandike."

Karani hakuinua macho. "Basi mvua ilijinyeshea yenyewe, au ukiombwa tena unaweza?"

Waliomtoa huyo dume walikuwa nyuma ya mzee mstarini, wanasikia. Mzee akakohoa. "Naweza. Kila mwaka."

Karani akaandika, "Dume mmoja, kila mwaka," akaupuliza wino polepole, kama anapoza uji.