Ile K Isiyosomwa

Pamba mbichi ina harufu yake, harufu ya vumbi lililolala juani, na msimu ule nyumba yetu nje kidogo ya Bunda ilijaa harufu hiyo mpaka uji wa asubuhi ukawa nayo. Ghala halikutosha, kwa hiyo mimi na mama tulilala kando ya rundo la pamba. Humo ndimo nilimojifunzia Kiingereza peke yangu, kwa kitabu kisicho na jalada, kwa sababu mama alitaka niingie shule moja ya Musoma iliyofundisha kwa lugha hiyo, na huko kila mtoto alipimwa kwa kusoma kwa sauti. Hakukuwa na wa kunisahihisha. Nilitamka kila herufi kama tunavyosoma Kiswahili, wala sikuiruka hata moja, maana nilidhani kuruka ndiko kukosea.

Siku ya usaili mama aliketi karibu na mlango, kitenge chake kipya kikiwa bado na mikunjo ya dukani. Mistari ya kwanza niliisoma vizuri. Kisha likaja neno "knife", nami nikatamka kwa kujiamini: "kinife". Watoto waliosubiri zamu wakaangua kicheko. "Kinife! Kinife katoka shamba!" mmoja akadakia. Mwalimu alitabasamu bila ubaya. "Ni naifu, mwanangu. Hiyo k haisomwagi. Endelea." Sikuendelea. Nilifunga mdomo mpaka kitabu kikaondolewa mbele yangu. Wahenga husema kujikwaa si kuanguka. Mimi nilijikwaa nikakaa chini. Nafasi akaipata mwingine. Njiani mama aliuliza jambo moja tu.

"Hiyo k imeandikwa, au haikuandikwa?"

"Imeandikwa, mama."

"Basi ulisoma kilichokuwepo."

Miaka mingi baadaye, nikiendelea kujisomea, niligundua kwamba Waingereza wa kale waliitamka ile k. Ndimi zao ziliichoka zikaiacha, lakini kalamu ikabaki nayo, kama mzazi anayemhesabu bado mtoto aliyekwisha kufariki. Nilikwenda hadi Butiama, alikorudi mama kuishi kwao, nimweleze kwamba sikuwa mjinga. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchicha. "Kumbe ulichelewa tu," akasema. "Ulifika wenyewe wameshaondoka." Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Leo nafanya kazi ofisini Musoma, na Kiingereza changu husifiwa. Wanaosifu hawajui kwamba kila sentensi naisema kwanza kimoyomoyo, naikagua, naipanga upya, na mara nyingi kikao hufungwa kabla sijaitoa. Lugha yenyewe imedondosha sauti njiani, imeokota maneno kwa Wafaransa na kwa Walatini, imekosewa na wenyewe mpaka makosa yakawa kanuni, na haijanyamaza hata siku moja. Mtoto yule wa Bunda alikosea kwa sauti kubwa, mbele za watu. Mimi sikosei tena, nimenyamaza tu.