Siku Niliyoweka Picha Nyeusi

Mwaka wangu wa mwisho chuoni Mbarara, nilimwandikia msichana mmoja wa kwaya yetu ya kanisa pale mjini kwamba nampenda. Ujumbe wenyewe niliufuta na kuuandika upya asubuhi nzima, nikihofia hata nukta ya mwisho, isije ikaonekana ina hasira. Nikatuma. Tiki zikageuka bluu. Nikaona anaandika, kisha haandiki, kisha anaandika tena. Huyo, nikajiambia, anatafuta namna ya kunikataa bila kuniua.

Mhadhiri wetu alikuwa ametushauri tupumzike kutumia mitandao ikianza kututesa, basi nikatii. Niliondoa sura yangu kwenye WhatsApp, nikaweka picha nyeusi tupu ili kila mtu ajue sipo, nikazima simu, nikafua soksi.

Katika wasiwasi wangu wote sikuwaza jambo ambalo kila mtoto wa Nakivale, kambi ya wakimbizi nilikokulia, analijua: picha nyeusi ni msiba. Na kwetu msiba hauulizwi kwa simu. Watu huja.

Walikuja kabla soksi hazijakauka. Nilisikia wimbo wa maziko ukipanda njia ya mtaa wetu wa Nyamitanga kwa sauti zote nne, nikatoka nje kuona nani amefiwa. Mbele alikuwa yule msichana niliyemwandikia, amejifunga kitenge, mfuko wa unga wa muhogo kichwani.

"Pole sana, ndugu yetu," kiongozi wa kwaya akanikumbatia. "Ni nani ametutoka? Ni mama yako wa kule kambini, Juru?"

"Hakuna mutu alikufa. Mama ni muzima. Nilikuwa... napumuzika."

Wimbo ukakatika. Besi tu, waliokuwa nyuma kabisa na hawakusikia, wakaendelea.

"Unapumuzika?" msichana akasema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Nimelia toka kanisani mpaka hapa! Na simu umefunga! Mimi nilikujibu!"

"Ulijibu nini?"

"Ndiyo!"

Kwaya nzima ikapiga vigelegele, na besi nao wakapiga bila kujua kwa nini. Mimi nikaanza kufikiri.

"Ndiyo unanipenda, ao ndiyo umesoma?"

"Yesu wangu!" Kicheko kilimshinda, akanishikisha ule mfuko wa unga na kunionyesha kwaya nzima kwa mkono. "Enda uweke maji ku moto. Bantu aba bote banakula hapa."