Paa la Mabango

Juzi nilirudi Mowlem, mtaa nilimokulia, kuomba. Nalisema wazi ili tusianze kwa kuzungushana, rafiki yangu. Nilikuwa nimevaa vizuri, kitambaa changu cha maua kichwani, na nilitumwa na kikundi chetu cha akina mama kuona kama ile supamaketi mpya ingetusaidia kupata kivuli. Kila Jumamosi watoto huja kusoma kwenye kiwanja kidogo nyuma ya kanisa, na jua likikaza wanafunika vichwa kwa vitabu wanavyopaswa kusoma.

Nilinunua mkate kwanza. Nikaulipia, nikautia kikapuni, ndipo nikamuulizia msimamizi. Akaja kijana mpole, shati limepigwa pasi, akanisikiliza mpaka mwisho. “Madam, hiyo kitu yenu ni poa sana,” akasema, “lakini mimi hapa siwezi kuamua. Lazima muandikie head office.” Nikamuuliza hiyo ofisi iko wapi. Akakuna kichwa na kusema hata yeye hajawahi kufika. Nikacheka, naye akashangaa mtu kunyimwa na bado akacheka. Sikuwa namcheka yeye. Nilimkumbuka nyanya yangu, ambaye aliwahi kunyimwa na maduka yote ya mtaa huu kabla jua halijapanda vizuri.

Pale ilipo supamaketi palikuwa na mstari wa maduka yaliyobanana bega kwa bega. Lilianza duka la jumla la mzee mmoja Mwislamu mwenye ndevu nyeupe, ikafuata bucha, kinyozi, duka la vifaa vya ujenzi, na mwisho kabisa mashine ya kusaga unga, ambayo ikinyamaza tulijua stima zimepotea. Kulikuwa na harufu ya mafuta taa, ya sabuni ya mche iliyokatwa kwa waya, na ya mandazi yaliyokaangwa nje kwenye karai. Mtoto wa mtaa wetu ungemfunga macho na bado angefika dukani kwa pua.

Kazi yangu ilikuwa kuteka maji asubuhi, kuosha vyombo, na kumpeleka ndugu yangu mdogo nasari, shule ya chekechea, kabla sijakimbilia shuleni. Mama alifanya kazi viwandani na aliondoka tukiwa bado tumelala. Nyanya alikuwa amekuja kutoka kwetu magharibi ili asaidie kutulea, lakini hakuweza kukaa tu huku pesa za mama hazitoshi. Alikwenda kufulia watu nguo Buruburu, na jioni alirudi vidole vimekunjamana kwa maji. Kwa hiyo nyumba yetu nzima iliitegemea ile nasari. Ilikuwa ndani ya ukumbi wa mtaa, na mwalimu wake alikuwa msichana mwembamba mwenye sauti nene, ambaye nilimpenda kupita kiasi kwa sababu alinifundisha mimi pia kabla ya mdogo wangu.

Ndipo Jumapili moja ya likizo upepo ukaja alasiri, ukang'oa paa la ukumbi. Mpaka tunatoka kuangalia, hakuna aliyeona mabati yalikoangukia, ingawa wiki hiyo vibanda kadhaa vya kuku vilipata milango mipya. Afisa wa kanjo, yaani baraza la jiji, akafika, akatazama juu, akaona mawingu. Akasema ukumbi usio na paa ni hatari, na shule zikifunguliwa ukiwa bado hivyo, atautia kufuli. Mwalimu akasema kama ni hivyo basi yeye atarudi kwao, maana hakuwa na mahali pengine pa kufundishia.

Sikuelewa hayo yananihusu vipi mpaka mama aliponiita jikoni. Alikuwa akisonga ugali na hakunitazama. Alisema nasari ikifungwa itabidi nikae nyumbani muhula mmoja nimwangalie mdogo wangu. Muhula mmoja tu, alisema. Lakini mimi nilimjua msichana wa jirani aliyekaa nyumbani muhula mmoja tu, na mpaka wakati huo alikuwa bado yuko nyumbani, akianika nepi za watoto wa shangazi yake. Nililia mpaka mama akaacha kusonga. Nyanya alikuwa mlangoni akichambua kunde. Akasema bila kuinua kichwa, “Mimi nililea wadogo zangu, shule nikaiona kwa nje. Huyu hatabaki.” Kisha akaendelea kuchambua kunde zake.

Nyanya hakuwa mtu wa kusema kitu akakiacha hapo. Asubuhi iliyofuata alituamsha giza bado lipo. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, amejipaka mafuta miguuni. Mwalimu alikuja amejifunga leso, akipiga miayo, na mimi nikambeba mdogo wangu mgongoni. Kwao nyanya, watu wakiwa na jambo zito humwendea mwenye nyumba alfajiri, kabla hajatoka kwenda shambani. Hiyo ndiyo heshima. Ukienda mchana, mtu atadhani ulikuwa unapita tu njia ukakumbuka shida zako.

Tulimkuta mzee wa duka la jumla akifungua kufuli. Alikuwa amenyunyiza maji mlangoni na kuwasha ubani. Nyanya akamwamkia vizuri, akamweleza habari ya paa, maneno yamepangwa sawasawa, kwa sauti ya mtu asiyeona aibu. Mzee alikuwa akitazama barabarani muda wote, kulia na kushoto, uso umemkunjamana. “Hakuna, mama,” akasema. “Leo hakuna.” Kwenye bucha, mwenye nyama alitikisa kichwa kabla hatujamaliza kusalimu. Kinyozi alijifanya anatafuta kitana. Mwenye vifaa vya ujenzi aliingia stoo na hakutoka tena, na kwenye mashine ya unga tulipigiwa kelele za mashine mpaka tukaondoka.

Nyanya alikasirika. Alikasirika mpaka kitambaa kikamlegea kichwani. “Miaka yote chumvi yangu nanunua kwa hawa watu!” alisema njiani, kwa sauti ya kusikika mstari mzima. “Sasa wataona.” Na nani aliyeona? Mimi! Kuanzia siku hiyo nyumba yetu haikununua hata kiberiti pale. Unga nilitumwa mpaka mtaa wa Umoja, mafuta taa Umoja, chumvi Umoja, nikirudi na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Mwalimu alianza kufunga vitu vyake kwenye katoni. Nilimwona akikunja zile picha za wanyama alizozichora mwenyewe, na nikahisi shule yangu inakunjwa pamoja nazo.

Alasiri moja mke wa mzee wa duka la jumla akapiga hodi. Alibeba sahani ya mahamri iliyofunikwa kwa kawa, na alikuwa amechoka kwa jua. Nyanya akamkaribisha, kwa sababu mgeni ni mgeni, lakini kiti alichompa ni kile kibovu.

“Mama, nimekuja kuhusu ile asubuhi,” mgeni akasema. “Mzee wangu hana raha. Alitaka kukuita mchana ule ule, akaogopa umekasirika.”

“Na nimekasirika,” nyanya akasema.

“Lakini mama, ulikuja kabla hajauza kitu! Mtu wa dukani, wa kwanza akiwa ni wa kununua, siku inafunguka. Wa kwanza akiwa ni wa kuomba, siku nzima ni kuombwa tu. Ungekuja na shilingi ya kiberiti, angekusikiliza mpaka jioni.”

Nilimtazama nyanya nikijua ama atamfukuza ama atalia. “Sisi kwetu,” akasema polepole, “jambo zito watu huliendea alfajiri.” Wakatazamana. Nani alianza kucheka sijui, lakini walicheka mpaka kile kiti kibovu kikavunjika kweli, mgeni akakaa chini, na nyanya akaenda kumletea kiti kizuri akipangusa machozi. Mahamri yale tuliyala yote. Yalikuwa na iliki, na nakwambia hivi, tangu siku hiyo sijala mengine yakanitosha.

Kesho yake nyanya aliwahi kutoka Buruburu. Tulienda alasiri, saa ambayo wenye maduka hukaa kwenye viti wakifukuza nzi. Alianza na duka la vifaa vya ujenzi. Akanunua msumari mmoja, akaufunga kwenye pembe ya leso, ndipo akaeleza. Mwenye duka alimsikiliza safari hii, akasema ukweli wake. “Nyanya, mabati mapya siwezi. Hiyo ndiyo biashara yenyewe. Nikikupa, mimi nitakula nini?”

Nyanya hakubishana. Alikuwa anatazama nyuma ya kichwa cha mwenye duka, kwenye uchochoro. Kulikuwa na bati kubwa limeegemezwa ukutani, limechorwa ndoo na brashi ya rangi. Lilikuwa bango lake la zamani. Kampuni ya rangi ilikuwa imemletea jipya. “Hilo je?” akauliza.

“Hilo? Hilo ni takataka, nyanya.”

“Basi nipe takataka.”

Mtu huyo alicheka, akaongeza misumari na ngazi ya kuazima. Tukatoka pale nyanya akitembea kifua mbele. Kwenye bucha alinunua mfupa wa supu akapewa bati lenye ng'ombe mwekundu aliyekuwa akitabasamu, sijui kwa furaha gani, na maandishi NYAMA na MATUMBO. Kinyozi alitoa bati lenye vichwa vya wanaume waliokatwa nywele mitindo mbalimbali. Mashine ya unga ilitoa lenye gunia. Mzee wa duka la jumla alitoa mabango kuliko wote, SUKARI, MCHELE, MAFUTA TAA, akayapangusa vumbi mwenyewe, na akamtuma kijana wake ayabebe. Nyanya alikuwa amenunua kwake kiberiti. Wawili hao hawakutaja ile asubuhi hata kidogo.

Siku ya kuezeka, fundi alipanda juu akauliza maandishi yaelekee wapi. Yeye mwenyewe aliona yaelekee nje, ndivyo mabango yanavyokaa. Nyanya alikuwa chini, mikono kiunoni.

“Nje yatasomwa na nani? Kunguru?” akamuuliza. “Yaelekee ndani, fundi. Watoto wako ndani.”

Fundi akasema hajawahi kuona nyumba iliyovaa paa kinyume. Nyanya akamwambia sasa ataona. Na ndivyo ilivyokuwa.

Afisa wa kanjo alirudi na kufuli lake, akatazama juu, akakutana uso kwa uso na ng'ombe. Akaondoka na kufuli. Mwalimu alifungua katoni, na mimi nikarudi shuleni siku ya kwanza ya muhula, viatu vimepakwa rangi, nikikimbia bila sababu maana nilikuwa nimewahi. Sijawahi kuwa na furaha kama ile ya kuchelewa kidogo mlangoni mwa nasari, nikiwasikia watoto wamelala chali kwenye mkeka wakati wa kupumzika, wanasoma dari kwa sauti. Mdogo wangu neno la kwanza kulisoma maishani lilikuwa MATUMBO. Alilisoma mezani, kanisani, na mara moja mbele ya pasta.

Wenye maduka walikuja mmoja mmoja kuona mabango yao. Mwenye bucha alivua aproni yake, akalala chali kwenye mkeka katikati ya watoto, akamtazama ng'ombe wake kwa muda mrefu. “Kumbe ni mzuri,” akasema. Baada ya hapo kila Ijumaa alileta mifupa ya supu ya nasari bila kuombwa na mtu.

Ukumbi haupo tena. Pamesimama ghorofa, na kamba za nguo zimepita pale ng'ombe alipokuwa akitabasamu. Mwalimu alistaafu, nyanya tulimrudisha kwao magharibi na huko ndiko amelala, na ule mstari wa maduka ulibomolewa kwa siku chache tu. Ninachokikosa zaidi ni mtu aliyekuwa na ufunguo wa duka mfukoni mwake, ambaye angeweza kukwambia hapana asubuhi, na jioni akakwambia ndiyo kwa mdomo wake mwenyewe. Huyo haandikiwi barua. Huyo unamkuta kwenye kiti chake, unanunua kiberiti, mnaanza kuongea.

Nilikuwa nimefika mlangoni mwa supamaketi na mkate wangu nilipoona, pembeni mwa mapipa ya taka, rundo la mabango ya plastiki. Yalikuwa yale makubwa wanayotundika ukutani kutangaza bei zikishuka, mazito, yenye matundu ya kamba kwenye pembe, yamechorwa maembe, maziwa, mikate na samaki. Nikarudi ndani. Yule kijana akadhani nimesahau chenji.

“Hayo mabango ya huko nje mnayapeleka wapi?” nikamuuliza.

“Yale? Hayo ni ya kutupa, madam.”

“Na kuyatupa, lazima muandikie head office?”

Akafikiri kidogo. Kisha uso wake ukafunguka, akacheka kicheko cha mtu mwenye duka, na akanisaidia kuyabeba mpaka barabarani.

Jumamosi fundi alikuja kwenye kiwanja chetu nyuma ya kanisa na kamba na nguzo, akazisimamisha. Alipanda kwenye nguzo ya kwanza, akakunjua bango la maembe, akaniuliza maandishi yaelekee wapi. Watoto walikuwa wamekwisha kukaa chini, vichwa vimeinuka, wanangoja.

“Ndani,” nikamwambia.