Klasta Iliyoandikwa kwa Jina Langu

Ernest Chilewa ni mwoga, na nasema hivyo kwa mapenzi. Miaka minne tumekaa meza moja katika ofisi yetu ya takwimu za mifugo, pale Kikuyu, na bado anagusa kompyuta kama mtu anayeepua sufuria bila kitambaa. Lakini uoga huohuo ndio uliotusaidia. Kazi zetu kubwa hufanywa na klasta, yaani kundi la kompyuta za kukodi zilizoko mbali huko, zinazogawana hesabu moja. Zamani tuliziwasha kwa mkono na kusahau kuzizima. Ernest akaandika programu ya kuziunda, kuzipa kazi, na kila siku saa tisa alasiri kufuta klasta yoyote ambayo mwenye nayo hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi. Aliifunga isizuiliwe na mtu, hata yeye mwenyewe, maana tulimchosha kwa kumwomba, kila mmoja akitaka klasta yake isamehewe.

Ijumaa ile ilikuwa siku yangu ya mwisho. Nilikuwa nahamia Kondoa, kwetu. Saa tisa kasoro robo nilikuwa napanga vikombe vyangu kwenye boksi, Ernest akaniuliza, "Dada Asma, utumishi wameshakutoa kwenye orodha?"

"Tangu saa sita. Hata wali wa mchana nimekula kama mgeni."

Hakucheka. Uso ulimpauka, akasema polepole, "Klasta ya sotoka iko kwa jina lako."

Sotoka ya mbuzi ilikuwa imeingia Mpwapwa. Kwa siku nne klasta hiyo ilichambua taarifa za wafugaji ili tujue ugonjwa unaelekea vijiji gani, kwani kesho yake asubuhi magari ya chanjo yangeondoka, na chanjo haikutosha vijiji vyote. Ilibaki saa moja tu hesabu iishe. Ikifutwa, inakwenda na vyote vilivyomo, na magari yataondoka kwa kubahatisha. Mbuzi wa watu wangekufa mahali ambapo tungeweza kufika.

"Jina langu limeingiaje humo?" nilifoka. Halafu nikakumbuka. Jumatatu aliniomba nimsomee namba iliyoingia kwenye simu yangu, nami nikamsomea huku natafuna karanga, bila kuuliza ya nini.

Akanieleza mbiombio, macho kwenye saa. Mama yake, huko Kibakwe, alizika watoto watatu. Ernest alipozaliwa walimlaza kwenye njia ya ng'ombe. Jirani akapita, akamwokota, akatangaza kwa sauti kwamba huyu ni wake. Kisha mama akapewa amlee kama mtoto wa watu, ili kifo kikija kutafuta wa kwake kisimwone.

"Klasta zangu tatu zimekufa katikati ya kazi, dada. Hii ya nne nikakuandika wewe."

Siku nyingine ningemcheka mpaka nitoe machozi. Siku ile nilinyakua simu nikawapigia utumishi.

Mtu wa utumishi alikuwa ametoka, simu yake inaita juu ya meza. Ofisini tuliosajiliwa kwenye programu tulikuwa wanne tu. Ernest akajaribu jina la mwenzetu Restuta, lakini lazima mwenyewe athibitishe kwa namba inayotumwa kwenye simu yake, na Restuta yuko likizo, hapatikani. Simu ya Hamza, wa nne wetu, ikaita, ikaita, hakupokea. Saa tisa kasoro dakika nne.

"Andika lako," nikamwambia.

"Siwezi."

"Ernest!"

"Nikiandika langu itakufa, dada Asma. Naijua hii."

"Usipoandika inakufa vilevile, tena kwa mkono wako! Andika!" Nilimpigia kelele mbele ya ofisi nzima, mimi niliyekuwa nimeshaagwa kwa keki.

Akaandika. Namba ikaingia kwenye simu yake, akaikosea mara ya kwanza, akaipata ya pili. Saa tisa ikafika. Kwenye kioo klasta zangu za zamani zikaanza kufutwa moja baada ya nyingine, na sisi tumesimama tunasoma majina. Ya sotoka ikarukwa. Nikavuta kiti, nikakaa.

Ernest hakukaa. Saa nzima alisimama pale akiwa ameshika ukingo wa meza, hataki maji, hataki kusemeshwa. Saa kumi na dakika tano orodha ya vijiji ikatoka, kumi na vinne, kamili.

Bosi wetu, mzee Daudi, akaichukua, akaisoma ukurasa kwa ukurasa, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Kazi safi sana hii. Ya nani?"

Nikarudi kwenye boksi langu la vikombe. Ernest alitazama mlango, akatazama dirisha.

"Yangu," akasema, kisha akaziba mdomo kwa mikono miwili.